Siku ya Tatu Bila Choo

Askari wa ukaguzi kwenye uwanja wa ndege wa Songwe aliishika poti ya rangi ya waridi kwa vidole viwili, akaigeuza juu chini, akachungulia ndani, kisha akauliza kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa foleni:

"Hii ya nani?"

"Yangu," alisema Bupe. Watu wakacheka. "Ya mtoto, namaanisha."

"Imetumika?"

Maskini, askari alikuwa anaulizia usafi tu. Lakini swali lenyewe ndilo hilo Bupe alilokuwa akilikimbia tangu Ijumaa, na sasa limemfuata mpaka uwanja wa ndege, limevaa sare.

"Haijatumika," alijibu. "Ingekuwa imetumika ungeniona nimekuja hapa nacheza."

Poti aliinunua sokoni Mbalizi kwa ajili ya binti yake Tumpe, mwenye miaka miwili na miezi minane. Tumpe aliipenda sana. Aliivaa kama kofia, alimwogeshea mdoli wake humo, akaipanda kufikia kopo la sukari. Kazi pekee aliyokataa kuipa ni ile iliyotengenezewa. Mkojo haukuwa na shida. Alikojoa kwenye nyasi, kwenye karai, na mara moja kwenye kiatu cha baba mwenye nyumba. Haja kubwa ndiyo iliyogoma. Leo Jumatatu ilikuwa siku ya tatu, na tumbo la mtoto lilikuwa gumu kama ngoma.

Usidhani ni jambo dogo. Tumpe alilelewa Kalenga, karibu na mji wa Iringa, na Mama Evarista, mama mkwe wa Bupe, tangu akiwa na miezi kumi, Bupe aliporudi chuoni kumalizia uuguzi. Sasa mumewe, Dastan, alikuwa amehamishiwa Dar es Salaam, kampuni imetoa tiketi za familia, na Bupe alikwenda Kalenga kumchukua mwanawe. Hakupewa hivihivi. Kiliitishwa kikao. Anania, baba mdogo wa Dastan, kofia ikiwa gotini, akatoa uamuzi: mama apewe mtoto, ila kwa majaribio. Asipokula, asipolala, asipopata choo, mtoto anarudi Kalenga na maneno yameisha. Ungedhani Bupe ni mfanyakazi wa ndani anayepimwa wiki ya kwanza, siyo mwanamke aliyepasuliwa tumbo kumtoa mtoto huyohuyo.

Kula, Tumpe alikula. Kulala, alilala, ingawa alimpa Bupe mgongo na kumwita "Anti", kwa sababu kwake kila mwanamke aliyekuja na biskuti kwenye mkoba alikuwa anti.

Na kila asubuhi Mama Evarista alipiga simu. Hakuuliza mmeamkaje. Aliuliza neno moja tu: "Amekunya?"

Jumapili Bupe alichoka, akadanganya. "Amekunya, mama."

"Wapi?"

"Kwenye poti."

Upande wa pili wa simu yule mama alicheka, akacheka mpaka akakohoa. "Kwenye poti! Haya." Akakata.

Jumatatu asubuhi, Bupe akiwa anafunga mabegi, Dastan alipiga simu. "Mama anasema unamdanganya," alisema. "Kasema leo ndiyo mwisho. Asipopata choo leo, kesho baba mdogo anapanda basi kuja Dar kumchukua."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema nimesikia."

Huyo ndiye Dastan. Tangu azaliwe, mbele ya mama yake, amekuwa akisikia.

Basi Bupe akafanya lile ambalo mtu mwenye cheti cha uuguzi hapaswi kulifanya. Marta, mke wa baba mwenye nyumba, alisema papai. Bupe akatoa papai nusu zima. Jirani akasema mtindi. Bupe akamimina kikombe. Mwingine akasema kijiko cha mafuta ya alizeti asubuhi kabla ya kitu chochote, Bupe akatoa viwili. Vyote saa moja asubuhi, na ndege ya saa nne. Hesabu ya lini vitu hivyo vitafika vinakokwenda hakuipiga. Cheti kilikuwa kwenye begi, mama ndiye aliyekuwa jikoni.

Kwenye kaunta, dada wa tiketi alitazama begi la mtoto, mkoba, mtoto mchanga mgongoni, mtoto wa pili mkononi na poti kwapani. "Mzigo wa mkononi ni mmoja, dada. Hicho kinakwenda na mizigo mikubwa." Akaifunga poti lebo, na poti ikaondoka zake juu ya mkanda, taratibu, kama kiongozi aliyepewa gari la serikali.

Bado dakika ishirini. Bupe aliwapeleka watoto choo cha uwanjani, akachomoa pampas moja ya Mika, mdogo wake Tumpe wa miezi saba, akajaribu kumvisha dada mtu kwa tahadhari. Tumpe aliitazama pampas, akamtazama Mika, akaivuta mpaka gundi ikaachia.

"Mimi si mtoto," alisema. "Mtoto ni huyo."

"Ni ya ndege tu, mama. Tukishuka tunaitoa."

"Bibi kasema hapana."

Hapo ndipo ugomvi ulipoisha, kwa sababu bibi akishasema hapana hakuna mahakama ya rufaa.

* * *

Ndege ilikuwa ndogo, ya mapangaboi mawili, viti viwili huku na viwili kule. Tumpe alikaa dirishani, Bupe pembeni na Mika mapajani. Ng'ambo ya njia aliketi mtawa wa Kikatoliki, mzee, mnene, kiatu kimefunguliwa kamba, na mbele yao bwana mmoja wa suti aliyekwisha kujitambulisha kwa watu sita kabla mlango haujafungwa. Aliitwa Gideoni. Alikuwa mshauri wa miradi, na alikuwa anakwenda kwenye semina. Hakuna aliyemuuliza.

Bupe naye alikuwa amependeza kupita kiasi. Dastan alimwambia kwamba bosi atatuma gari kuwapokea, avae vizuri. Alivaa sketi nyeusi ya kubana aliyoshonesha kwa mahafali, soksi ndefu nyembamba na blauzi nyeupe. Ukiwa na watoto wawili chini ya miaka mitatu, blauzi nyeupe ni kumchokoza Mungu.

Mungu akachokozeka. Ndege ilipoanza kukimbia kwenye lami, Mika aliangalia juu, akakunja uso, akakunya. Hakuombwa, hakuitiwa kikao, hakupewa papai. Alimaliza, akacheka.

"Kyala wangu," alisema Bupe, akimwita Mungu kwa Kinyakyusa, akamtazama kijana wake kwa wivu wa haki kabisa, wivu wa kuhoji kwa nini neema ya nyumba nzima amepewa mmoja.

Ilibidi angoje taa ya mikanda izimike. Wakati huo harufu ilikwenda mbele, ikamgusa Gideoni begani. Gideoni alipapasa juu, akafungua upepo, akaugeuza, akaupeleka nyuma kwa Bupe.

"Samahani, dada," alisema bila kugeuka. "Hii kitu ni ya muda mrefu?"

"Ni ya miezi saba," alisema Bupe.

Alimbadilisha Mika juu ya mapaja, magoti yakiwa meza, mkono mmoja umeshika vifundo vya mtoto na mwingine ukifuta, kwa ustadi ambao chuo kilimpa alama tisini na tatu. Pampas chafu aliikunja, akaiingiza kwenye mfuko wa kutapikia. Mhudumu wa ndege, msichana mrefu aliyeandikwa Frida kifuani, akaupokea huku anatabasamu kwa midomo tu.

Ndipo Tumpe akaacha kuangalia mawingu.

 Kisha jasho dogo likamtoka puani. Kisha akashika mikono ya kiti, akakaza mwili wote, akamgeukia Bupe kwa uso wa mtu aliyeletewa habari mbaya.

"Anti," alisema. "Miguu."

"Miguu inauma?" Bupe aliinama, akamfungua viatu. Vilikuwa vipya, huenda vinabana. Akavua na soksi.

"Miguu!" alisema Tumpe kwa nguvu zaidi.

"Nimevua, mama. Si hii hapa?"

"Siyo hiyo! Miguu!" Na tumbo lake likatoa sauti ambayo Gideoni aliisikia.

Papai lilikuwa limefika.

* * *

"Niletee huyo mdogo," alisema mtawa kutoka ng'ambo, akamchukua Mika kama mtu anayepokea kikapu. Bupe akambeba Tumpe mbio kuelekea choo cha nyuma.

Choo cha ndege ile kilikuwa sawa na kabati la vyombo. Mtu mzima mmoja alitosha akiwa hana mambo mengi. Bupe aliingia na mtoto, akajipinda, akafunga mlango kwa kiwiko, akamkalisha Tumpe juu ya tundu. Tumpe akatazama chini kati ya mapaja yake. Kuna shimo, ndani ya shimo kuna giza, na kwa jinsi alivyoelewa yeye, chini ya giza kuna mawingu. Akabana miguu kama mkasi.

"Kunya, mama. Kunya tu. Hakuna kitu."

"Naanguka."

"Huanguki, nimekushika. Sukuma kidogo."

Katika kujigeuza ili ashike vizuri, Bupe alibonyeza kitufe kwa makalio. Choo kikavuta. Ni sauti inayowashtua hata wazee wa kanisa. Tumpe alipiga ukelele, akamrukia mama yake shingoni, akamkwaruza, akapanda mpaka juu ya bega, na kilio chake kikasikika mpaka kwa rubani.

"Bibi! Namtaka bibi! Bibiii!"

Abiria arobaini na kitu walisikia neno hilo. Bupe alipofungua mlango, nywele zimetimka na blauzi imechomoka, wote walikuwa wamegeuka. Kuna mama mmoja aliyetikisa kichwa kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomuuma kuliko yote. Tumpe mikononi mwake alikuwa amekakamaa kama ubao, anazuia kwa nguvu zake zote kitu kilichokuwa kinamuumiza, machozi yanamtoka, na hakumtazama Bupe. Alitazama mlango wa ndege.

Bupe alisimama pale nyuma ya viti. Walisema kweli Kalenga, aliwaza. Huyu mtoto si wangu. Nilimzaa, nikaondoka, nimerudi na poti. Kama anaumia hivi kwa ajili yangu, basi baba mdogo na aje. Alilia, na hakujificha, kwa kuwa katika ndege hakuna pa kujifichia isipokuwa lile kabati.

"Kamwene, mwana," ilisema sauti.

Tumpe, katikati ya kwikwi, akajibu kama alivyofundishwa: "Kamwene." Kwa salamu ya Kihehe ilikuwa lazima ajibu, hata kama dunia inaisha.

Alikuwa yule mtawa, Mika ameegemea begani pake. Aliitwa Sista Veneranda. "Huyu amelelewa wapi?" alimuuliza Bupe.

"Kalenga, Sista. Kwa bibi yake."

"Na wewe si wa kule."

"Mimi nimekulia Mbeya mjini. Baba yangu alikuwa mwalimu."

"Nimeona. Mlitumia poti." Alilisema kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo. "Mtoto anakwambia miguu, wewe unamvua viatu. Anayetakiwa kuvua viatu ni wewe."

Bupe akatazama viatu vyake.

"Sikiliza, mwanangu. Kule bibi anakaa chini, ananyoosha miguu hivi, mtoto anakaa juu ya miguu ya bibi, hapa vifundoni, anamtazama, anashika magoti. Halafu wanapiga stori. Huyu tangu azaliwe hajawahi kunya peke yake. Kunya ni kazi ya watu wawili. Wewe unamkalisha juu ya shimo linalonguruma!" Alimhamishia Mika bega la pili. "Nimelea yatima miaka thelathini na moja. Miguu hii unayoiona imenyewa kuliko jiwe la kunguru. Bibi yake hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Labda alisahau."

Sista alilisema hilo huku anaangalia pembeni, kama watawa wanavyofanya wakisema uongo wa huruma. Bupe akakumbuka kile kicheko cha kwenye simu, kile kirefu cha mpaka kukohoa.

"Hakusahau," alisema.

Taa ya mikanda ikawaka. Ndege ikashuka ghafla, ikapanda, na Frida akaja mbio ameshikilia migongo ya viti. "Mama, rudini kwenye viti tafadhali. Kuna hali ya hewa."

"Hata hapa kuna hali ya hewa," alisema Sista Veneranda. "Binti, huyu mtoto atakunya ndani ya dakika tatu. Kazi yako ni kuchagua. Anyie hapa sakafuni, tumetandika, au anyie kwenye kiti chenu cha kitambaa na mkanda amefunga."

Frida alifungua mdomo. Mafunzo yake yalikuwa yamegusa moto, maji, na abiria mlevi. Hili halikuwemo. Akamtazama Tumpe, ambaye wakati huo alitoa mlio mwembamba wa birika linalochemka, akafanya uamuzi.

"Kaeni pale kwenye kona, mgongo kwenye ukuta. Mimi nitakaa hapa nimshike mama. Fanyeni haraka."

"Gazeti," alisema Sista, na mkono wake ukapita juu ya kiti cha mwisho. Gazeti lilitoka kwa abiria mmoja kwenda kwa mwingine kutoka mbele, mpaka likagundulika kuwa ni la Gideoni.

"Sista, sijalisoma hilo," alisema Gideoni kwa mbali.

"Utasimuliwa."

Sketi ile ya mahafali haikushonwa kwa ajili ya kukaa chini. Bupe alijaribu kwa adabu mara moja, mshono ukalia. Akaachana na adabu. Akapandisha sketi mpaka mapajani, akavua viatu, akavua soksi ndefu mbele ya safu tatu za wanaume ambao ghafla walipenda sana kuangalia mawingu, akakaa sakafuni miguu imenyooka. Frida akamfunika mapaja kwa blanketi. Sista akatandika gazeti chini ya visigino, na Bupe, muuguzi akiwa amemrudia, akaomba pampas mbili safi za Mika, akazifungua zote, akazilaza bapa kati ya miguu yake.

Kisha akanyoosha mikono. "Njoo, Tumpe. Miguu hii hapa."

Mtoto aliitazama ile miguu. Ilikuwa mipya kwake, myeupe kidogo kwa kuvaa soksi, kucha zimepakwa rangi nyekundu. Alisogea. Aligusa kidole gumba kimoja, kama anayepima maji ya kuoga. Kisha akaingia kati ya miguu, akamgeukia mama yake, akarudi kinyumenyume, akakaa juu ya vifundo vya mama yake, uzito wake wote, akamshika magoti.

Hakuna kilichotokea.

"Usimtazame kama polisi," alinong'ona Sista. "Piga naye stori."

"Stori gani?"

"Ya kwao."

Bupe alitafuta. Katika siku nne alizokuwa na mwanawe alikuwa amemuuliza umeshiba, umelala, unataka choo. Hakuwahi kumuuliza kitu kingine. Aliona aibu, aibu kubwa kuliko ya sketi.

"Kuku wa bibi," alisema. "Wako wangapi?"

Tumpe alifikiri. "Wengi."

"Wanaitwaje?"

"Mama Mkubwa," alisema Tumpe. "Na Kilema. Na Mwizi." Alikaza uso, akapumua. "Mwizi anakula mahindi ya bibi. Bibi anampiga na kandambili."

"Anampata?"

"Hampati! Anakimbia hivi." Tumpe akaonyesha kwa mkono jinsi Mwizi anavyokimbia, akacheka, na kucheka huko ndiko kulikofungua mlango.

Wakati huohuo spika ikakoroma, rubani akawataarifu abiria kwamba upande wao wa kushoto, mawingu yakiruhusu, wangeweza kuuona mji wa Iringa. Watu wa kushoto wakaangalia Iringa. Watu wa nyuma waliangalia kwingine kabisa. Siku tatu, papai nusu, kikombe cha mtindi na vijiko viwili vya alizeti vilishuka juu ya pampas mbili, na kidogo, kwa kuwa mtoto alihama, juu ya vidole vya Bupe. Kama madirisha ya ndege yangekuwa yanafunguka, Kalenga wangepata taarifa yao moja kwa moja, bila ya simu.

Ilikuwa ya moto. Bupe aliisikia vidoleni na hakuondoa mguu. Alicheka huku analia, naye Tumpe, uso umelegea, rangi imerudi, aliendelea kueleza habari za Kilema kama mtu aliye barazani kwake.

Safu ya mwisho wakapiga makofi. Frida naye akapiga, kisha akakumbuka sare, akaacha.

"Imekwisha?" aliuliza Gideoni kutoka mbele, pua ndani ya tai.

"Imeanza," alisema Sista Veneranda. "Fungua hewa yako, bwana."

Walipomaliza kufuta, kufunga na kunawa, Tumpe alikwenda mwenyewe mpaka kwenye kiti, akapanda, akalala papo hapo. Alilala na kichwa juu ya paja la Bupe. Usije ukadhani alimwita mama. Kabla ya kufumba macho alisema, "Anti, nifunike."

Bupe akamfunika.

* * *

Dar iliwapokea kwa joto. Bupe alitoka miguu mitupu ndani ya viatu, soksi ameziacha kwenye ndoo ya taka angani, sketi imepasuka mshono kiasi cha kiganja. Dastan alikuwa mlangoni pa kutokea pamoja na dereva wa bosi. Alimbusu Mika, akamwinua Tumpe aliyelala, akamtazama mkewe juu mpaka chini.

"Mama Tumpe, vipi? Mmepata ajali?"

"Nipe simu yako."

"Mama amepiga mara mbili," alisema Dastan kwa sauti ya chini, dereva asisikie. "Baba mdogo amekwishakata tiketi ya kesho. Anasema tusibishane, mtoto asiteseke. Mimi nikamwambia..."

"Umesikia. Najua. Nipe simu."

Alipewa. Alitembea hatua chache, akasimama kwenye kivuli cha nguzo. Tangu juu ya Morogoro alikuwa anapanga maneno. Alikuwa nayo mazuri, makali, ya kumwambia mwanamke mzima kwamba alimwacha mtoto wa miaka miwili aumie tumbo siku tatu ili ashinde kesi. Aliyarudia kichwani kama mtu anayejiandaa kwa usaili.

Simu ilipokelewa kabla haijalia mara ya pili.

"Dastan?"

"Ni Bupe, mama."

"Eeh. Mmefika." Kisha, haraka: "Amekunya?"

"Amekunya."

"Usinidanganye wewe mtoto. Wapi?"

"Miguuni kwangu, mama."

Upande wa pili Bupe alisikia kuku, na mlango wa bati ukigonga kwa upepo. Hakukuwa na kicheko safari hii.

"Nani kakwambia?" aliuliza Mama Evarista.

"Mtu tu. Mtu baki, kwenye ndege. Si wewe." Na maneno yote aliyoyapanga yakakimbia, likabaki moja. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

 Mama Evarista alipojibu, sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa, kama ya mtu aliyekaa chini ghafla.

"Ningekwambia, ningebaki na nini?"

Bupe alifunga macho. Alitaka kukasirika na hasira ikaja, lakini haikuja peke yake. "Na mimi," alisema, "miaka miwili yote hiyo mama, nilibaki na nini?"

 Watu walipita na mabegi yao. Dereva wa bosi aliangalia saa. Bupe akajua kwamba angeweza kukata simu sasa, ameshinda, na baba mdogo tiketi yake imemwozea mkononi. Hakukata.

"Alipata ngumu au laini?" aliuliza Mama Evarista hatimaye.

"Laini, mama."

"Umempa papai."

"Nilimpa. Na mtindi."

"Mtindi! Utamuua. Mtindi haupatani naye, anajaa gesi. Jioni mpe uji mtupu, usitie maziwa. Na usimwoshe kichwa kwanza, anaogopa, anza miguuni. Unanisikia? Akiamka usiku anatafuta sikio. Mpe sikio lako alishike, atalala tena. La kushoto, siyo la kulia. Na akikwambia hataki nyama usimlazimishe, hawezi kutafuna, mtafunie kwanza. Na anaogopa mtu wa ndevu, mwambie Dastan azinyoe. Na Anania nitamwambia arudishe tiketi yake. Na ukitaka akubali kuvaa sweta..."

Simu ikalia mlio mmoja, ikakatika. Salio la Dastan lilikuwa limekwisha.

Bupe akarudi kwa mumewe, akamkabidhi simu yake.

"Weka vocha," alisema. "Mama hajamaliza."